Kikaratasi cha Bibi kutoka Ribe

Ninapoandika haya kimelala mbele yangu juu ya kitambaa cheupe. Ni kikaratasi kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Pembe moja imeliwa na wadudu. Upande wa mbele kimepigwa chapa kwa wino mweusi: juu jina la kanisa, katikati mstari wa Biblia, na chini pameachwa nafasi ya kuandika jina la mtu. Jina lililoandikwa hapo kwa mkono ni la bibi yangu, mzaa mama. Wino wake umefifia ukawa rangi ya chai ya mkandaa. Tarehe ilikuwapo, ila ndiyo iliyokwenda na ile pembe.

Nilikipata wiki ile tulipomhamisha mama kutoka nyumba ya Kikwajuni kuja kukaa nami Mbweni. Katika sanduku la bati, chini ya kanga zilizokunjwa na foronya za kufuma, palikuwa na Biblia ya Bibi. Nilipoifungua ilitoa harufu ya karafuu, maana Bibi alikuwa akitia karafuu ndani ya kila kitu alichotaka kidumu. Kikaratasi kikateleza, kikaanguka sakafuni, nikakaribia kukikanyaga.

Mama alikuwa amekaa kitandani akinitazama. "Hiyo tiketi ya Bibi yako," akasema. "Irudishe ulikoitoa."

"Tiketi ya nini, mama? Ya meli?"

"Ya kanisa. Kanisa la kwao."

Kwao ni Ribe, upande wa bara ya Mombasa, kaskazini-magharibi ya mji. Bibi alizaliwa na kulelewa katika misheni ya Wamethodisti, akaolewa na babu, mtu wa Unguja, Mwanglikana wa ukoo wa Mbweni. Tangu hapo akawa anasali Mkunazini, kanisa kuu la Waanglikana, pamoja na watu wa mumewe. Nimesali Mkunazini maisha yangu yote, nimefundisha shule miaka 31, nimewasomesha watoto wa watu historia ya Zanzibar, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza Wamethodisti wana habari gani na kisiwa hiki. Nilimjua Bibi kwa lugha yake. Sisi watoto wa Unguja akituita "Ndoo hapa!" tulikimbilia ndoo, kumbe yeye anasema njoo. Macho kwake yalikuwa mato, na nchi ilikuwa nti. Biblia yake nayo ilikuwa ya Kimvita, ile iliyotoka mwaka 1914, wakati kanisani sisi tulisoma Kiswahili kilichotokana na kazi ya Askofu Steere, cha Kiunguja. Hata ilipokwisha kuja Biblia ya Union ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha watu wa pwani zote, yeye hakuiacha ya kwao. Nikikaa naye kanisani nilikuwa nikiangalia midomo yake wakati wa Sala ya Bwana. Ilikuwa ikisema kitu kingine kidogo, mapigo yaleyale ila maneno yamepinda.

Basi tiketi ile ndiyo iliyonitia kazini. Kazi imechukua miaka miwili sasa.

Kwanza ilinibidi nijue ni kitu gani. John Wesley na wenzake walipoanza uamsho wao Uingereza katika karne ya 18 hawakukusudia kuanzisha kanisa jipya; yeye alikuwa kasisi wa Kianglikana na alikufa kasisi wa Kianglikana, mwaka 1791. Lakini watu wake walikuwa wengi na maskini, na mwaka 1742 huko Bristol walikuwa na deni la jengo lao la kusalia. Mmoja akatoa shauri: kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na watu wagawanywe makundi ya kama 12, kila kundi na kiongozi wake wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Viongozi wakaanza kupita. Wakakuta huku mtu mgonjwa, kule mtu amerudia ulevi, nyumba ya tatu mume na mke hawasemezani. Wesley akaona kuwa kukusanya peni kumeleta jambo kubwa kuliko peni. Ndipo makundi yale, waliyoyaita madarasa, yakawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Na kila robo ya mwaka mshirika aliyekuwa katika hali njema alipewa tiketi yenye jina lake. Asiyepewa alijua ana jambo la kujibu.

Kwa hiyo kikaratasi cha Bibi kinasema kwamba katika robo fulani ya mwaka fulani mtu alimtembelea msichana wa Ribe, akamuuliza roho yake inaendeleaje, akaridhika na jibu. Sijui karatasi nyingine ya zamani ya mwanamke wa ukoo wetu inayosema habari kama hiyo. Katika vitabu vya serikali na vya kanisa wanawake wetu wanaonekana mara tatu: wanapobatizwa, wanapoolewa, wanapozikwa. Hiki kinamwonyesha Bibi siku ya kawaida.

Tarehe imeliwa, nimesema. Lakini jina la kanisa pale juu limebaki, na hilo limenisaidia kuliko nilivyotazamia. Misheni ya Ribe ilianzishwa na Makanisa Huru ya Kimethodisti ya Uingereza, yaliyoungana mwaka 1857. Mwaka 1907 makanisa hayo yakaungana na mengine mawili likapatikana Kanisa la Muungano la Kimethodisti. Mwaka 1932 hilo nalo likaingia katika muungano mkubwa zaidi, likawa Kanisa la Methodisti tu. Jina lililo juu ya tiketi ya Bibi ni lile la kati. Basi tiketi imechapwa baada ya 1907 na, kwa kadiri kubwa, kutolewa kabla ya mwisho wa 1932. Kichwa cha karatasi kimefanya kazi ya tarehe. Ndiyo maana siku hizi nikimwona mtu anakata barua ya zamani ili abaki na "maneno yenyewe", moyo unaniruka.

Mtu akitaka historia ya Waanglikana Unguja hatafuti sana. Akiingia Mkunazini anaiona imesimama. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba uliowekwa na Seyyid Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na sikukuu ya Krismasi mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa palepale. Steere, aliyelisimamia jengo lile, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Ukija Mbweni kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, kuna magofu ya shule ya wasichana, kuna makaburi. UMCA, yaani misheni ya Waanglikana iliyotumwa na vyuo vikuu vya Uingereza, walijenga kwa mawe, na mawe yanajieleza. Wageni wanashushwa na magari kila siku kuyapiga picha.

Wamethodisti walikuwa na njia nyingine. Unguja kwao ilikuwa kizingiti. Hapa ndipo palipokuwa na Sultani, ubalozi, barua, maduka ya jumla, wapagazi wa kukodi na meli za kwenda Ulaya. Ribe ndiko kulikokuwa na kazi. Hawakuiachia Unguja ukuta wa kuonyesha. Waliacha karatasi, na waliacha watu walioolewa huku na huku kama Bibi. Nadhani ndiyo sababu tumewasahau. Macho yetu yamezoea kutafuta jengo.

Na habari yenyewe inaanzia hapa kisiwani, kabla ya Wamethodisti wenyewe. Januari 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama kingine cha misheni cha Waanglikana, alishuka Unguja akaonana na Seyyid Said, naye Sultani akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwislamu ndiye aliyemfungulia mlango Mkristo, kwa muhuri wake. Krapf akaenda kukaa Mombasa, na Julai ya mwaka uleule akamzika mkewe huko pamoja na mtoto mchanga. Miaka 18 baadaye, akiwa mzee wa afya mbovu, alirudi pwani kuwaonyesha njia vijana wa Kimethodisti. Mmoja wao, Thomas Wakefield, ndiye aliyedumu. Ribe inahesabu miaka yake tangu 1862, ukiwa mwaka mzima na zaidi kabla Askofu Tozer wa UMCA hajafika Unguja mwaka 1864. Nilipomwambia hili mzee mmoja wa kanisa letu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulitanguliwa." Aliisema kwa furaha, nikampenda kwa hilo.

Mwaka 1863 akaja Charles New, mmisionari mwenzake Wakefield. Huyu Unguja aliijua vizuri, akaieleza katika kitabu chake kilichochapwa London mwaka 1873. Watu wa Moshi wanamkumbuka kwa sababu mwaka 1871 aliupanda Kilimanjaro mpaka akaigusa theluji, Mzungu wa kwanza kuifikia. Mwaka uliofuata, kwa kuwa alikijua Kiswahili, alichukuliwa hapa Unguja katika msafara uliotumwa na Waingereza kumtafuta Livingstone. Msafara ulikuwa ndio kwanza unajiandaa Bagamoyo, Mei 1872, mwandishi wa gazeti Stanley akatokea kutoka bara na habari kwamba Livingstone ameshamwona Ujiji. Wakubwa wa msafara wakashindwa kuelewana, New akajiuzulu. Alikufa Februari 1875 akirudi kutoka safari ya pili ya Kilimanjaro, ambako Mandara, mangi wa Moshi, alikuwa amemnyang'anya mali yake.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ni Sadi bin Ahedi. Huyu alikuwa mtu wa pwani, wa upande wa Gazi, Mwislamu, mwongozi wa misafara. Wakefield alikaa naye akamsimulia njia za kwenda bara: kutoka kituo hiki mpaka hiki siku ngapi, maji yako wapi, milima inaitwaje, watu wanaokaa hapo ni akina nani. Yeye alikuwa akisema, mmisionari akiandika. Mwaka 1870 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikayachapisha katika jarida lake, na wachora ramani wa Ulaya wakajaza sehemu zilizokuwa tupu katika ramani zao. Mwaka 1871 Sadi ndiye aliyeongoza safari ya New. Kwa hiyo sehemu nzuri ya kile kinachoitwa mchango wa Wamethodisti katika kuijua Afrika Mashariki ilikuwa kwanza katika kichwa cha mwenye msafara aliyeswali sala tano. Wakefield alilitaja jina lake, na kwa hilo namshukuru. Wengi hawakuwa wakitaja.

Majina ndiyo yanayonisumbua katika kazi hii. UMCA walipofika Unguja, Sultani Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata ukasisi. Hao tunao. Upande wa Ribe alikuwapo mchungaji William During, Mwafrika kutoka Sierra Leone, aliyekuja kwa bahari kutoka upande wa pili wa bara kuwahubiri watu wa pwani hii katika miaka ya 1880, akahudumu Ribe na baadaye Golbanti kwenye Mto Tana. Mwafrika mmisionari kwa Waafrika! Nimeuliza watu wengi wa makanisa yetu ya Unguja, vijana kwa wazee, sikupata aliyewahi kulisikia jina lake.

Nilipata kibali cha utafiti nikaanza kwenda Nyaraka, Kilimani. Wanaopita njia ile kwenda mjini wanaliona jengo tu. Ndani mna barua za ubalozi wa Uingereza, mna makaratasi ya UMCA, mna hati za Kiarabu ambazo UNESCO imeziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Unaacha mkoba mlangoni, unaingia na daftari na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani. Siku ya kwanza niliona ni udhia. Siku ya tatu, baada ya kuona doa la wino wa mtu juu ya barua ya zaidi ya miaka 100, nilielewa.

Sikumpata Bibi Kilimani, wala sikuwa nikimtarajia. Nilichojifunza pale ni kusoma polepole. Waandishi wa zamani waliandika majina kwa masikio yao. Ukitafuta Ribe kwa tahajia moja utakosa nusu, kwa sababu wapo walioandika Ribe na wapo walioandika Rihe, kama wenyewe wanavyosema. Mtu huyohuyo katika ukurasa mmoja ana jina la Kiyao au la Kinyasa, ukurasa wa pili ana jina la ubatizo peke yake, bila baba. Kuna Maria wangapi? Nilijifunza kutosoma jina peke yake, nisome na walio jirani nalo: wasimamizi wa ubatizo, mashahidi wa ndoa, mtu aliyetia dole gumba. Watu hutembea na watu wao hata ndani ya daftari.

Karatasi nyingi za misheni za Wamethodisti ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Za UMCA ziko nyingi Oxford. Siwalaumu waliozihifadhi, zimetunzwa vizuri kuliko ambavyo zingetunzwa kwetu. Ila ni habari za wamisionari kwa wakubwa wao: fedha imetumika ngapi, wangapi wamebatizwa, nani ana homa. Bibi hakuwa akiandika ripoti London. Upande wake wa habari, kama upo, uko katika masanduku ya bati ya Ribe, Jomvu, Mbweni, Kikwajuni.

Ukoo wetu ulikuwa na karatasi nyingine, kubwa kuliko tiketi. Mama aliambiwa na Bibi, naye Bibi aliambiwa na mama yake. Misheni za pwani zilikuwa zimejaa watoro waliokimbia mabwana zao: Rabai ya CMS ilikuwa na wengi zaidi, na Ribe na Jomvu za Wamethodisti zilikuwa na wao. Mabwana wakawa wanawadai. Hatimaye Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki chini ya George Mackenzie ikakubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 palifanyika mkutano Rabai wa kutoa hati za uhuru. Waliokombolewa kwa njia hiyo walizidi 1,400. Mama yake Bibi alikuwa mtoto, na hati ya uhuru ya watu wa nyumba yao ilishikwa na mama yake. Hati ile ilikaa kwenye paa la makuti ndani ya mwanzi. Siku paa liliposhushwa kuezekwa upya, mwanzi ukafunguliwa, ukatoka unga. Mchwa. Bibi alikuwa akisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, kama anayesimulia msiba.

Kwa hiyo niruhusuni niseme ninayoyajua kuhusu kutunza, maana nimekosea vya kutosha.

Karafuu za Bibi nimezitoa. Nilisita, kwa kuwa ni mkono wake uliozitia, lakini karafuu ina mafuta na kila ilipolala imeacha doa la kahawia kwenye Zaburi. Nimezitia katika bahasha yao peke yao na kuandika zilikotoka. Msitie selotepu kwenye mpasuko; baada ya miaka michache gundi inageuka njano na karatasi haiponi tena. Na nawaomba sana, msipeleke karatasi ya zamani kupigwa leminesheni. Najua tunavyopenda, kila cheti cha kuzaliwa mjini kimefunikwa plastiki. Lile joto na ile gundi havirudi nyuma, unyevu ulio ndani unabaki ndani na wino. Wino mwingi wa zamani ulikuwa na madini ya chuma, na unyevu ukiupata unaitafuna karatasi hadi herufi zinadondoka na kuacha matundu yenye umbo la herufi. Nimeona kwa macho yangu neno "amezikwa" likiwa tundu.

Vifaa ni rahisi. Mikono iliyooshwa ikakauka kabisa. Bahasha za karatasi isiyo na tindikali, kama huna basi karatasi nyeupe safi, uibadilishe kila baada ya muda. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, liwe mbali na ukuta wa nje, na wakati wa masika lifunguliwe kila wiki kuangaliwa. Picha upige kwa simu karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, pande zote mbili, rula ikiwa pembeni ionyeshe ukubwa. Nakala ziwe zaidi ya moja, na zisikae nyumba moja.

Hayo ya masika sikuyatoa hewani. Katika ofisi moja ya kanisa, ambayo sitaitaja, palifanywa ukarabati. Makasha ya vitabu vya kumbukumbu yakahamishiwa stoo iliyopakana na choo "kwa siku mbili tatu". Yakakaa tangu Machi hadi Juni. Nilipoambiwa nije kusaidia, vitabu viwili vya mazishi vya miaka ya 1930 vilikuwa vimeshikana kurasa, vimekuwa kama matofali, vimeota ukungu wa kijani. Sikujua wakati ule kwamba kitabu kilicholowa kinaweza kukaushwa ukurasa kwa ukurasa kwa subira, na hapakuwa na aliyejua. Vilitupwa. Aliyevitupa ni mtu mwema, aliogopa ukungu usiingie vitabu vingine. Mimi nilisimama pale nikamwangalia akivibeba. Hilo bado linaniuma.

Narudi kwenye kikaratasi. Miezi mingi nilikuwa nakitazama upande wa mbele tu, wenye kanisa. Nyuma palikuwa na mistari mitatu ya penseli, imefifia, kwa herufi za Kiarabu. Nikadhani ni aya au dua, nikaona aibu kuishughulikia bila mwenyewe. Siku moja ya Novemba nikaipeleka kwa jirani yangu Maalim, anayesomesha chuoni hapa mtaani, mtu wa miaka 80. Tulikaa barazani kwake. Akavaa miwani, akasema Bismillahi, akakiinua kwenye mwanga.

Akatabasamu. "Mwalimu, hii si aya. Hii ni deni."

Kilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wenye maduka wengi walivyokuwa wakiandika. Akanisomea akifuata kwa ncha ya kijiti, bila kugusa. Nazi nne. Mafuta ya taa chupa moja. Uwanga kibaba kimoja. Jumla nusu rupia. Na chini: *mke wa Mbweni*.

Akaisoma tena, akasimama kwenye neno moja. "Rupia," akasema. "Hizo ziliondoka kabla mimi sijazaliwa."

Nikahisi damu inanienda mbio. Rupia ya Zanzibar iliondoshwa mwaka 1936 tukaingia kwenye shilingi. Bara, Kenya, rupia ilikuwa imekwisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, Bibi akiwa bado mtoto. Basi deni lile liliandikwa Unguja, kabla ya 1936, na Bibi tayari ni mke wa mtu. Sisi nyumbani tulikuwa tunajua kwamba Bibi aliletwa Unguja wakati wa vita vya Hitla na mama akazaliwa mara tu baada ya hapo, mwaka 1941. Ndivyo tulivyoambiwa, ndivyo nilivyowaambia wanangu. Kumbe alikuwa hapa miaka mitano na zaidi kabla mama hajazaliwa.

Maalim alikuwa bado anakitazama. "Na uwanga," akasema polepole. "Nyumba ya mke na mume, uwanga wa nini? Uwanga ni wa mgonjwa, au mtoto anayeanzishwa kula."

Nilirudi nyumbani magharibi inaingia. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa chini mkekani karibu naye, nikamwambia yote, nazi nne, mafuta ya taa, rupia, uwanga. Aliendelea kuchambua. Nikadhani hakunisikia, siku hizi sikio moja limekuwa zito. Kisha akauweka ungo chini.

"Alikuwapo mwingine kabla yangu," akasema. "Wa kiume. Hakufika miaka miwili. Mama alikuwa hataki atajwe, akitajwa halali usiku. Alizikwa hukuhuku Mbweni, na kitabu walimwandika, alinambia mwenyewe alimwona padri akiandika."

Nilifikiria yale matofali mawili ya ukungu yakibebwa kupitishwa mlangoni. Sikumwambia mama.

"Aliitwaje, mama?"

Akanyamaza kwa muda. Kisha akanitajia, jina la ubatizo na lile la nyumbani alilopewa na bibi yake wa Ribe, ambalo mama alilitamka kwa Kimvita, vilevile kama Bibi angelitamka. Nikamwomba anirudilie. Akarudia. Nikaingia ndani kutafuta penseli.